Kutafuta draiva ya grafiki isiyochosha macho

Kompyuta ni ile ile, kioo ni kile kile, mwangaza hujaugusa. Usiku umesasisha draiva ya grafiki, na asubuhi, hata saa nne haijafika, macho yanachoma, maandishi yanakataa kutulia na kichwa kinagonga upande mmoja. Ukimweleza mtu atakwambia ni uchovu, au kwamba kazi ya draiva ni kupeleka picha kwenye kioo, basi. Kweli ndiyo kazi yake. Ila picha moja hupelekwa kwa njia nyingi, na macho ya watu hayazipokei zote sawasawa.

Mimi ni msahihishaji wa prufu. Kutwa nzima niko na herufi ndogo nyeusi juu ya ukurasa mweupe, nawinda nukta iliyopotea na nafasi iliyozidi. Michezo ya kompyuta sichezi, kwa hiyo draiva inayoongeza kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwenye kioo kila sekunde, hainisaidii chochote. Ninachotaka ni ukurasa uliotulia. Mwongozo huu ni wa watu wa aina yangu: wanaosoma, wanaoandika, wanaopiga hesabu, wanaotunga programu. Mcheza michezo itabidi avumilie mambo ambayo mimi huyazima bila kusita.

Draiva inaifanyia nini picha

La kwanza, na ndilo kubwa, ni ditharingi. Vioo vingi, hasa vya laptopu za bei ya chini, vina biti 6 tu kwa kila rangi ya msingi: ngazi 64 za nyekundu, 64 za kijani na 64 za bluu, yaani rangi 262,144. Picha inayotoka kwenye programu imeandaliwa kwa biti 8, rangi milioni 16.7. Zile zisizokuwepo inabidi zighushiwe. Njia mojawapo ni kupanga pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) jirani za ngazi mbili tofauti, kama vitone vya picha ya gazeti, na jicho linaona rangi ya katikati. Mpangilio huo umekaa palepale, hautembei. Njia nyingine ni kuibadilisha pikseli ile ile kila fremu: sasa ngazi ya 20, fremu inayofuata ya 21, kisha 20 tena, na kioo cha kawaida hupokea fremu 60 kila sekunde. Hii ndiyo ditharingi ya muda. Huioni ikitokea. Eneo la kijivu linaonekana limetulia kumbe kila pikseli yake inahangaika.

Anayefanya ujanja huu anaweza kuwa kioo chenyewe kwa saketi zake za ndani, na hapo draiva haina mamlaka. Anaweza pia kuwa kadi ya grafiki kwa amri ya draiva, na hapo ndipo toleo moja linapoweza kuwa tulivu na jingine likawa balaa. Wala usidhani kioo bora kinakuepusha. Ukiwasha kichujio cha mwanga wa bluu, au ukipakia faili la usawazishaji wa rangi, kadi hupitisha kila rangi kwenye jedwali la marekebisho. Hesabu zinatoka na desimali, na baadhi ya kadi huzifidia desimali hizo kwa ditharingi. Ndiyo maana nasema, na najua wapo watakaonipinga: wakati wa majaribio zima kichujio cha usiku, hata kama umekizoea na unaamini ndicho kinachokuokoa.

Usijisumbue kupiga picha ya skrini ili uikamate. Picha ya skrini huchukuliwa kabla ditharingi haijafanyika, kwa hiyo itatoka safi kila mara. Anayetaka kuiona atumie simu yenye video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde pamoja na lenzi ya kukuza, aelekeze kwenye eneo la kijivu cha giza. Ikiwa ipo, mara nyingine utaona pikseli zikichemka. Usipoona kitu, hujathibitisha lolote.

La pili ni ubanaji wa umeme, na hili watu hulisahau kwa sababu limefichwa kwenye mipangilio ya betri. Intel wana DPST, AMD wana Vari-Bright. Zote mbili hutazama kilichopo kwenye kioo, hupunguza taa ya nyuma, kisha hung'arisha pikseli ili kufidia. Ukihama kutoka dirisha jeusi kwenda jeupe mwanga hupanda taratibu, ukirudi hushuka, na mboni ya jicho inafuata kutwa nzima. Kuna pia PSR, ambapo kadi huacha kutuma fremu mpya picha isipobadilika na kioo hujionyesha kilichokumbuka, na kuna laptopu zinazoshusha idadi ya fremu kwa sekunde zikiwa kwenye betri.

La tatu ni umbo la mawimbi kwenye kebo. RGB kamili hupeleka rangi ya kila pikseli kama ilivyo. YCbCr 4:2:2 na 4:2:0 hupunguza taarifa za rangi, jambo lisiloonekana kwenye filamu lakini linaloweka ukungu kwenye kingo za herufi za rangi. Jicho linajaribu kulenga kitu ambacho hakina makali ya kulengwa. Na ukiona nyeusi imekuwa kijivu kwenye kioo kilichounganishwa kwa HDMI, huenda kadi inatuma ngazi 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255.

Kiondoe kioo kwenye kesi kwanza

Kabla hujaanza kubadilisha draiva, hakikisha humtafuti mchawi kwenye nyumba isiyo yake. Vioo vingi hupunguza mwanga kwa kuizima na kuiwasha taa ya nyuma kwa kasi; kadiri unavyoshusha mwangaza ndivyo muda wa kuzimwa unavyorefuka. Weka kamera ya simu kwenye hali ya kurekebisha kwa mkono, chagua kasi ya shata ya 1/1000 au zaidi, elekeza kwenye ukurasa mweupe. Mistari myeusi ikipita kwenye picha, taa inawaka na kuzima. Jaribu mwangaza ukiwa 100%, kisha 60%, kisha 30%. Kwenye vioo vingi vya LCD mistari hupotea kwenye 100%. Vioo vya OLED, ambavyo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, vina tabia yake: vingi humeta hata mwangaza ukiwa juu.

Mapendekezo ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, kuhusu taa za LED, ya mwaka 2015, yanatoa kipimo kizuri cha kushikilia: taa inayozimika kabisa kati ya mwako na mwako huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ikivuka mizunguko 1,250 kwa sekunde, na isiyo na athari ikivuka 3,000. Vioo vingi vinavyolalamikiwa vipo kwenye mamia machache tu.

Dawa yake, kwa kioo kinachotulia kwenye 100%, ni kukiacha hapo na kuongeza mwanga wa chumba ili kisiwe kikali. Kukififisha kwa programu kunavutia, lakini programu hiyo hutumia jedwali lile lile la rangi, nawe utakuwa umefukuza mmeto mmoja na kukaribisha mwingine.

Draiva ya kijinga kama kipimo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na wengi huiruka. Windows na Linux zina draiva ya msingi isiyojua chochote kuhusu kadi yako: haiongezi kasi, haibani umeme, haigusi rangi. Inachukua mpangilio wa picha kama ulivyoandaliwa kompyuta ilipokuwa inawaka na kuendelea nao hivyo hivyo. Macho yakitulia chini ya draiva hiyo na kuchoma chini ya draiva kamili, umepata jibu: tatizo liko kwenye draiva, na kuwinda kuna maana. Yakichoma kote kuwili, acha kupakua matoleo.

Kwenye Windows fungua Device Manager, nenda kwenye kadi za kuonyesha, bofya kulia kadi yako na uizime. Skrini itapepesa, kisha utahamishiwa kwenye Microsoft Basic Display Adapter. Laptopu yenye kadi mbili, zima zote mbili. Kwenye Linux, ukiwa kwenye menyu ya kuwasha, hariri mstari wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na uongeze neno `nomodeset` mwishoni. Unaweza kufanya hivyo kutoka kwenye flashi yenye Linux bila kusakinisha kitu, na hata mtumiaji wa Windows anaweza kuitumia njia hii kupima.

Kuna mitego miwili. Draiva ya msingi kwa kawaida haiwezi kupunguza mwangaza, kwa hiyo kioo kitakaa kwenye 100%, na kama kioo chako hutulia hapo, utaisifu draiva kwa wema wa taa. Linganisha 100% kwa 100%, vinginevyo unapiga ramli. Mtego wa pili ni ukubwa wa picha: ikiwa draiva ya msingi imekupa idadi ya pikseli isiyo ya asili ya kioo, herufi zitakuwa na ukungu na jaribio halifai. Kuburuza ukurasa kutakuwa kwa mikwaruzo na video zitakwama, hayo yapuuze. Fungua maandishi marefu uyasome kama unavyosoma kazini.

Macho yakikataa hata hapo, tafuta kwingine. Mtu anayekazia macho kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida na macho hukauka. Miwani ya kusomea kitabu huwa haifai kwa umbali wa kioo. Na matatizo madogo ya macho mawili kushindwa kulenga pamoja hujionyesha zaidi kwenye maandishi. Nenda kwa daktari wa macho. Maumivu makali ya ghafla, au kuona kunakopungua, hayasubiri jaribio lolote la draiva.

Mipangilio kabla ya matoleo

Sasa rudisha draiva kamili na, kabla hujaibadilisha, izime tabia zake. Zima DPST kwenye programu ya Intel, sehemu ya umeme; zima Vari-Bright kwenye programu ya AMD; zima mwangaza unaojibadilisha kufuatana na picha kwenye mipangilio ya Windows. Funga idadi ya fremu kwenye thamani moja. Zima HDR, ile hali ya kupanua mwangaza na rangi. Chagua RGB na kiwango kamili cha rangi. Kuhusu kina cha rangi, jaribu biti 8 kwanza: ukituma biti 10 kwenye kioo chenye biti 8, huenda kioo hicho kikafidia kwa ditharingi yake. Wapo wanaotulia kinyume chake, kwa hiyo 10 nayo ipe siku yake.

Ya ditharingi yenyewe inategemea kadi. Nvidia kwenye Linux ni waungwana: programu yao ya mipangilio ina sehemu ya ditharingi kwenye ukurasa wa kila kioo, unachagua izimwe au iwe ya mpangilio usiotembea. Kwenye Windows hawakuweka kitufe hicho, lakini programu ya bure iitwayo ColorControl hukifungua. Kwenye Mac zenye chipu za Apple kuanzia M1 huwezi kubadilisha draiva, kwa sababu huja na mfumo wenyewe. Programu ndogo ya Stillcolor huzima ditharingi inayofanywa na chipu, na kwa watumiaji wa Mac ningeanza na kuishia hapo.

Badilisha kitu kimoja, kisha ukae nacho. Sisemi hili kwa kupenda utaratibu. Macho yaliyoumizwa asubuhi hayawezi kuihukumu draiva ya mchana; yatailaumu yoyote utakayoyapa. Mimi hujaribu mpangilio mmoja kwa siku, na huanza asubuhi kabla sijatazama simu.

Kuwinda toleo

Mipangilio ikishindwa, ndipo unapoingia kwenye matoleo. Anza na draiva iliyotoka na mashine, ile iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, wala siyo ya mtengenezaji wa chipu. Mara nyingi ni ya zamani, na uzee huo ndio tunaoutaka. Kisha chukua toleo la mwanzoni mwa tawi (kundi la matoleo yenye msingi mmoja) linalofuata, kisha la tawi jingine. Hakuna haja ya kupima kila namba. Matoleo ya tawi moja hufanana sana, na mabadiliko makubwa huja tawi linapobadilika.

Usisakinishe juu ya iliyopo. Kata intaneti kwanza, la sivyo Windows itakuletea draiva yake kabla hujamaliza. Washa kompyuta kwenye hali salama, safisha kwa Display Driver Uninstaller, washa upya, sakinisha toleo unalolipima, na kama kisakinishi kinaruhusu, chagua draiva tupu bila programu za nyongeza. Halafu rudia kuzima tabia zote zilizotajwa juu, kwa kuwa usakinishaji mpya huzirudisha zilivyokuwa.

Daftari langu lina safu nne tu: namba ya toleo, mwangaza, macho baada ya saa moja, macho jioni. Safu ya jioni ndiyo yenye ukweli. Zipo draiva zinazopendeza kwa saa moja na kukulaza na kichwa, na nyingine huanza kwa ugeni kidogo kisha macho yakazisahau. Nasoma maandishi yale yale, herufi zile zile, taa ya chumba ile ile.

Halafu kuna akili. Ukiamini toleo jipya ni baya, litakuumiza. Ukifika mahali una wagombea wawili, mwombe mtu mwingine akuwashie kompyuta na moja kati ya hizo bila kukwambia ipi, nawe uandike hukumu kabla ya kuuliza. Ni rahisi zaidi ukiwa na Linux mbili kwenye flashi mbili zinazofanana, zilizowekewa alama usizoziona. Ukishindwa kuzitofautisha, chagua iliyo mpya zaidi na ushukuru.

Kwa watumiaji wa Linux

Hapa draiva inayoshughulika na kioo iko ndani ya kerneli. Mesa, ambayo watu hupenda kuibadilisha, huchora picha. Kuipeleka kwenye kioo ni kazi ya kerneli. Kwa hiyo unachokiwinda ni toleo la kerneli, na urahisi wake ni kwamba unaweza kuweka kadhaa pamoja na kuchagua moja kwenye menyu ya kuwasha. Weka moja ya matawi yanayotunzwa muda mrefu na moja mpya, na tayari una jaribio zuri.

Draiva ya Intel, i915, huwasha ditharingi pale tu inapotuma biti 6, na aina yake ni ya mpangilio usiotembea. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kumshauri mwenye kadi ya Intel ajaribu Linux kabla hajauza laptopu. Ongeza `i915.enable_psr=0` kwenye mstari wa kerneli ili kuzima PSR. Kwa AMD, `amdgpu.abmlevel=0` huzima ule uchezeaji wa taa ya nyuma. Kwenye kadi za zamani za AMD zinazotumia draiva ya radeon, na kwenye nouveau kwa Nvidia, amri ya `xrandr --prop` itakuonyesha sifa za ditharingi unazoweza kuzibadilisha papo hapo. Ingia kupitia X, mfumo wa zamani wa madirisha wa Linux, kwa sababu ndani ya Wayland, ule mpya, xrandr haina nguvu hiyo. Kwa laptopu za zamani za Intel, hata kasi ya kuwaka na kuzima kwa taa ya nyuma iliwekwa na draiva na inaweza kuongezwa, lakini hapo unaandika moja kwa moja kwenye rejista za kadi. Usipojua unachoandika, paache.

Kuifungia ndani

Ukiipata, hifadhi kisakinishi chake kwenye flashi au diski ya nje siku hiyo hiyo, maana matoleo ya zamani huondolewa kwenye tovuti. Windows toleo la Pro ina sera ya kuzuia draiva zisije pamoja na masasisho. Toleo la Home halina kihariri cha sera hizo, kwa hiyo zima upakuaji wa programu za vifaa kwenye mipangilio ya usakinishaji wa vifaa, na jua kwamba hata hivyo siku moja linaweza kukuzunguka. Likikuzunguka, Device Manager ina kitufe cha kurudi kwenye draiva iliyotangulia. Kwenye Debian na Ubuntu, `apt-mark hold` hushikilia kifurushi cha kerneli kisisogee wala kuondolewa.

Bei ya kukaa na draiva ya zamani ni usalama. Nvidia, AMD na Intel hutoa taarifa za mianya iliyozibwa, na draiva uliyoifungia itabaki na mianya hiyo wazi. Zisome taarifa hizo. Kama mwanya unahitaji mtu awe tayari ameingia kwenye kompyuta yako, na wewe huna mtumiaji mwingine, hatari ni tofauti na ile ya mwanya unaofunguliwa na ukurasa wa intaneti. Kwangu, mashine ya prufu ina draiva ya zamani na haitembelei intaneti kwa mambo mengine. Barua, benki na kuzurura vina mashine yao iliyosasishwa.

Na kabla ya kukubali toleo jipya la mfumo mzima, chukua nakala kamili ya diski, siyo ya mafaili tu. Mfumo mpya unaweza kuikataa draiva yako ya zamani, na bila nakala hiyo utalazimika kuanza kuwinda upya ukiwa na kazi mezani.